Kuitika Si Kutenda: Lugha Inayoongoza Ruta za Video

Ruta ya video ni mashine inayopokea picha kutoka pande zote za kituo cha televisheni na kuzipeleka panapohitajika. Mazungumzo ya leo yanahusu lugha inayotumika kuiamuru mashine hiyo: nani huiamuru, kwa maneno gani, na hujulikanaje kwamba amri iliyotolewa imetimizwa. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na litarudiwa mara kwa mara hadi mwisho wa kipindi.

Msikilizaji aliyewahi kutazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku ameiona kazi ya ruta bila kuijua. Msomaji wa habari yuko studio Dar es Salaam. Anamkaribisha mwandishi aliye Dodoma, na papo hapo mwandishi anaonekana kwenye skrini kubwa iliyo nyuma ya msomaji. Picha ile imefikaje pale? Iliingia kituoni kwa setilaiti au kwa waya, ikafika kwenye ruta, na fundi mitambo akabonyeza vitufe viwili: kimoja cha mahali picha inapokwenda, kingine cha mahali inapotoka. Ruta ikafungua njia.

Mahali picha inapotoka huitwa chanzo. Kamera ni chanzo, mashine ya kuchezea vipindi ni chanzo, gari la matangazo ya nje lililoegeshwa uwanjani ni chanzo. Mahali picha inapokwenda huitwa kifikio. Skrini ni kifikio, mashine ya kurekodi ni kifikio, na mtambo wa kurushia matangazo ni kifikio. Sasa ichukuliwe mitaa ya Kariakoo ilivyopangwa: mingine imenyooka upande huu, mingine inaikatiza upande ule. Mitaa ya upande mmoja iwe vyanzo, ile inayoikatiza iwe vifikio, na kwenye kila njia panda pawe na lango. Lango likifunguliwa, picha ya chanzo kile inakata kona na kwenda kwenye kifikio kile. Ruta yenyewe ndivyo ilivyo, na njia panda hizo huitwa makutano.

Chanzo kimoja kinaweza kupelekwa kwenye vifikio vingi kwa wakati mmoja, kama adhana ya msikiti mmoja inavyosikika katika nyumba mia. Kifikio nacho hupokea chanzo kimoja tu kwa wakati mmoja. Kikipewa chanzo kipya, kile cha zamani hukatwa. Kanuni hii ni ndogo lakini lugha za ruta zitakazotajwa leo zimejengwa juu yake: amri humtaja kwanza anayepokea, kisha anayetoa.

Je, makutano hayo ni mangapi? Ruta ndogo yenye vyanzo 16 na vifikio 16 ina makutano 256. Ruta kubwa yenye vyanzo 288 na vifikio 288 ina makutano 82,944. Zamani fundi alikuwa akichomeka waya kwa mkono kwenye ubao wenye matundu, na baadaye zikaja ruta ambazo kila kitufe kilikuwa na waya wake wa kuiongoza. Lakini nani atavuta waya themanini elfu? Hapo ndipo ilipozaliwa haja ya lugha. Badala ya waya mmoja kwa kila jambo, unavutwa waya mmoja tu, na ndani yake yanapita maneno.

Maneno hayo na utaratibu wake ndiyo yanayoitwa itifaki. Neno hili si geni masikioni mwa wasikilizaji. Katika hafla, mzungumzaji husimama, husema "itifaki imezingatiwa", kisha huendelea na hotuba. Maana yake ni kwamba utaratibu wa nani atajwe kwanza na nani afuate umekwisha kutimizwa. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni makubaliano. Mashine zina itifaki kwa maana zote mbili. Zimekubaliana juu ya maneno, na zimekubaliana juu ya utaratibu: nani aanze kusema, ujumbe uanze na nini, uishie na nini, na mwenzake ajibu vipi.

Itifaki ya kuongoza ruta ina kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kupeleka amri isiyo na utata. Kazi ya pili ni kurudisha jibu. Kazi ya tatu ni kuwatangazia wote wanaohusika kwamba hali imebadilika. Amri, jibu, tangazo. Itifaki zote zitakazotajwa leo, za zamani na za sasa, zinapimwa kwa mambo hayo matatu.

Kabla ya maneno, ni vizuri kuutazama waya wenyewe. Ruta huwekwa kwenye chumba cha mitambo, chenye baridi na kelele za feni, mbali na chumba cha kuongozea matangazo. Kati ya vyumba hivyo waya hupita karibu na nyaya za umeme, na umeme huo huingiza kelele. Kwa sababu hiyo vituo vingi vilitumia kiwango kiitwacho RS-422, kilichotolewa Marekani mwaka 1975. Ujanja wake ni mwepisi kuueleza. Kila ishara hupita kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na anayepokea hatazami waya mmoja mmoja. Hutazama tofauti kati ya nyaya hizo mbili. Kelele ikiingia, huingia kwa zote mbili sawasawa, na ile tofauti inabaki vilevile. Kwa mwendo mdogo, waya wa aina hii unaweza kufika hata mita 1,200. Mwendo uliozoeleka kwa ruta ni biti 38,400 kwa sekunde. Kwa mitandao ya leo huo ni mwendo wa kobe, lakini itaonekana baadaye kwamba unatosha.

Sasa ni zamu ya maneno yenyewe. Moja ya itifaki zilizoenea sana duniani huitwa SW-P-08, na ilitoka kwa kampuni ya Pro-Bel ya Uingereza. Kampuni hiyo baadaye iliunganishwa na nyingine na jina likabadilika, lakini itifaki yake ikabaki. Watengenezaji wengine wengi waliifundisha kwenye mashine zao ili zielewane na zile zilizokuwa kituoni tayari.

Ichukuliwe kwamba fundi anataka chanzo cha tano kiende kwenye kifikio cha tatu. Akibonyeza vitufe, paneli, yaani ubao wenye vitufe hivyo, hutuma ujumbe mfupi wa namba 11 tu, na kila namba ni baiti moja. Ujumbe huo ukisomwa kwa namba za kawaida uko hivi: 16, 2, kisha 2, 0, 0, 2, 4, kisha 5, kisha 243, na mwisho 16, 3.

Nini maana ya namba hizo? Ujumbe huu ni kama barua iliyo ndani ya bahasha. Namba 16 na 2 za mwanzo ndizo zinazofungua bahasha. Zinasema, ujumbe unaanza. Namba 16 na 3 za mwisho ndizo zinazoifunga. Barua yenyewe ni zile namba tano za katikati. Ya kwanza, 2, ni kitenzi: unganisha. Inayofuata, 0, hutaja ruta ipi na tabaka lipi, kwa maana picha na sauti zinaweza kupitishwa kwenye matabaka tofauti. Sifuri ya pili hutumika kwenye ruta zenye njia nyingi kupita uwezo wa namba moja. Kisha kinatajwa kifikio, 2, na chanzo, 4.

Msikilizaji makini atauliza: fundi alitaka kifikio cha tatu na chanzo cha tano, mbona zimeandikwa mbili na nne? Ni kwa sababu itifaki hii huanza kuhesabu na sifuri. Cha kwanza ni sifuri, cha pili ni moja, cha tatu ni mbili. Jambo hili dogo limeshawahangaisha mafundi wengi siku ya kwanza ya kufunga mtambo: kamera ya kwanza inaitwa, na inayokuja ni ya pili. Dawa yake ni kujaribu njia moja, kutazama skrini, na kujua hesabu ya upande wa pili inaanzia wapi kabla ya kuendelea na nyingine.

Baada ya barua kuna namba 5. Hiyo huhesabu namba zilizomo ndani ya barua, ili anayepokea ajue kama kuna iliyopotea njiani. Kisha ipo 243, ambayo ni namba ya ukaguzi. Namba tano za barua zikijumlishwa pamoja na ile 5 ya hesabu, jibu ni 13. Ukiongeza 243 unapata 256. Baiti moja haiwezi kubeba zaidi ya 255. Ikifika 256 hurudi sifuri, kama mita ya gari la zamani inavyozunguka na kuanza upya. Anayepokea hujumlisha zote, na akipata sifuri anajua ujumbe umefika salama. Asipopata sifuri, kuna namba iliyoharibika njiani, na ujumbe hukataliwa. Picha ya kituo kizima haikabidhiwi kwa ujumbe uliochafuka.

Hapa kuna mtego mmoja unaostahili kusimuliwa taratibu. Bahasha hufunguliwa na kufungwa kwa namba 16. Je, itakuwaje kama 16 imo ndani ya barua yenyewe? Kwa hesabu inayoanza na sifuri, chanzo cha kumi na saba ndicho namba 16. Mashine inayopokea itaiona 16 katikati ya barua na kudhani bahasha inafungwa. Kwa hiyo itifaki imeweka sharti: kila 16 iliyomo ndani ya ujumbe iandikwe mara mbili, na anayepokea akiona mbili zimefuatana ajue ni namba ya kawaida na aisome mara moja tu. Mwandishi wa programu akilisahau sharti hili, programu yake itafanya kazi vizuri kwa vyanzo kumi na sita vya kwanza, kisha chanzo cha kumi na saba kitagoma. Fundi atabadilisha waya, atabadilisha kamera, na kosa litabaki palepale, kwa sababu halimo kwenye waya wala kwenye kamera. Limo kwenye itifaki ambayo haikuzingatiwa.

Hiyo ndiyo amri. Jibu je? Mfano wake uko katika kila nyumba. Mama yuko jikoni, anamwita mtoto: "Juma, niletee maji!" Mtoto anajibu: "Naam, mama!" Je, maji yamefika? Bado. Naam ina maana moja tu: sauti imesikika. Maji yakishawekwa jikoni, mtoto atasema: "Tayari, mama." Hayo ni maneno mawili tofauti. Kuitika si kutenda.

Itifaki ya SW-P-08 inazo naam na tayari, na haizichanganyi. Ruta ikipokea bahasha safi hurudisha namba mbili, 16 na 6. Hiyo ni naam: ujumbe umefika na haujaharibika. Ikipokea bahasha iliyochafuka hurudisha 16 na 21, ndiyo kusema, rudia. Kisha, baada ya njia kufunguliwa kwenye makutano, ruta hutuma barua kamili yenye kitenzi kingine, namba 4: imeunganishwa, kifikio hiki, chanzo hiki. Hiyo ndiyo tayari. Tena hutumwa kwenye paneli zote zilizounganishwa na ruta, siyo ile iliyotoa amri peke yake. Kwa hiyo jibu na tangazo hufika kwa pamoja.

Kwa nini tofauti hii ina uzito mkubwa? Kwa sababu ya taa. Kila kitufe kwenye paneli kina taa, na mwongozaji wa kipindi hana nafasi ya kwenda chumba cha mitambo kuchungulia. Anaiamini taa. Kuna paneli zinazowasha taa mara tu kitufe kinapobonyezwa. Hizo huonyesha matumaini ya aliyebonyeza. Paneli iliyotengenezwa vizuri husubiri tayari kutoka kwenye ruta, ndipo huwasha. Waya ukikatika, taa haitawaka, na fundi atajua kuna tatizo kabla mtazamaji hajalijua. Taa ni ahadi kwa mtu aliye kazini. Haifai iwashwe kwa dhana.

Zipo itifaki nyingine zinazosema mambo yaleyale kwa maneno tofauti. Moja ni ile ya ruta za Quartz, ambazo sasa ziko chini ya kampuni ya Evertz ya Kanada. Hii hutumia herufi zinazosomeka kwa macho. Amri yetu ileile huandikwa hivi: nukta, herufi S, herufi V, kisha 3, mkato, 5, na alama ya kumaliza mstari. S ni kitenzi cha kuunganisha, V ni tabaka la picha, 3 ni kifikio na 5 ni chanzo. Hapa hesabu huanza na moja, kama mtu wa kawaida anavyohesabu. Ruta ikishabadilisha njia hutangaza: nukta, U, V, 3, mkato, 5. Herufi U ndiyo tayari ya lugha hii. Fundi mwenye kompyuta ndogo anaweza kuiandika amri kwa mkono na kulisoma jibu kwa macho yake, na hilo ni msaada mkubwa usiku mtambo unapogoma.

Nyingine ni ya ruta za Videohub za kampuni ya Blackmagic Design ya Australia. Hii hupita kwenye mtandao wa kompyuta, kwa njia ya TCP, kwenye poti namba 9990. Uungwana wake uko kwenye salamu. Mteja, yaani programu au paneli inayoiongoza ruta, akiunganishwa tu, kabla hajauliza lolote, ruta humweleza hali yote: aina ya mashine, idadi ya njia zinazoingia na zinazotoka, majina ya kila njia, ipi imefungwa kwa kufuli, na kila kifikio kinapokea chanzo gani. Ni kama mgeni anayepokelewa na kupewa habari zote za nyumbani kabla hajaketi.

Kuamuru ni kuandika mistari miwili ya maandishi. Wa kwanza ni kichwa, VIDEO OUTPUT ROUTING, kikiishia kwa nukta mbili. Ndiyo kusema, njia za picha zinazotoka. Wa pili ni namba: 2, nafasi, 4. Kisha mstari mtupu wa kufungia. Hesabu hapa imerudi kwenye sifuri, kwa hiyo 2 na 4 ni kifikio cha tatu na chanzo cha tano. Ombi likieleweka, ruta hujibu kwa herufi tatu, ACK. Lisipoeleweka, hujibu NAK. Kisha wateja wote waliounganishwa hupelekewa kichwa kilekile na mstari uliobadilika. Msikilizaji ameshajua cha kusema: ACK ni naam, na ule mstari uliotangazwa kwa wote ndio tayari. Programu nzuri huisubiri tayari.

Kufikia hapa inafaa kurudia. Namba za bahasha, herufi za nukta, mistari ya maandishi: lugha tatu, amri moja. Zote hutaja kifikio na chanzo. Zote hujibu. Zote hutangaza. Zinatofautiana kwa matamshi tu, na pia kwa mahali hesabu inapoanzia.

Swali linalofuata ni la muda. Je, amri inachukua muda gani kufika? Ule ujumbe wa namba 11, kwa mwendo wa biti 38,400, hupita kwenye waya kwa muda usiofika milisekunde 3. Picha moja ya televisheni katika mfumo wa picha 25 kwa sekunde, unaotumika Afrika Mashariki, hudumu milisekunde 40. Kwa hiyo amri hufika kabla hata sehemu ya kumi ya picha moja haijapita. Mwendo wa kobe unatosha.

Lakini ruta haitakiwi kukata picha popote inapotaka. Ikibadilisha njia katikati ya picha, mtazamaji ataona mruko. Picha ya televisheni husafiri mstari kwa mstari, na juu yake kuna mistari isiyoonekana ambayo ni kama pumzi kati ya sentensi na sentensi. Chama cha wahandisi wa filamu na televisheni, SMPTE, kimeelekeza mstari wa kukatia. Katika mfumo wa zamani wa mistari 625, uliotumika pia katika ukanda huu, ni mstari wa 6 wa nusu ya kwanza ya picha. Katika picha za ubora wa juu ni mstari wa 7. Itifaki hupeleka amri, ruta huipokea na kusubiri pumzi, ndipo hukata. Hiyo ni sababu nyingine ya naam na tayari kutofika kwa wakati mmoja.

Na kama amri ni nyingi? Saa ya kuhama kutoka kipindi cha asubuhi kwenda kwenye mechi ya Simba na Yanga, huenda njia mia zikahitaji kubadilishwa kwa mpigo. Zikitumwa moja moja kwenye waya ule wa biti 38,400, zitachukua karibu theluthi moja ya sekunde, na ndani ya muda huo picha zitakuwa nusu za huku na nusu za kule. Itifaki kubwa zina dawa. Amri zote hutumwa mapema na ruta huambiwa izishike bila kuzitekeleza. Kisha hutumwa neno moja: tenda. Wavutaji wa jahazi wanaijua mbinu hii. Kila mmoja hushika kamba mahali pake na kukaza mikono, na hakuna anayevuta mpaka isikike sauti moja: harambee! Jahazi hujongea kwa mkupuo mmoja.

Jambo jingine ni kufuli. Kifikio kinachopeleka picha hewani hakitakiwi kuguswa na mtu anayejaribu paneli nyingine. Kwa hiyo itifaki nyingi zina amri ya kufunga kifikio, na aliyekifunga hutambuliwa kuwa mwenye nacho. Videohub, kwa mfano, humwonyesha kila mteja kama kifikio kimefungwa naye, kimefungwa na mwingine, au kiko wazi. Ni jambo jema. Lakini isidhaniwe kuwa kufuli hiyo ni ulinzi dhidi ya mwenye nia mbaya. Inazuia mkono uliokosea.

Hapo panazuka suala la usalama. Itifaki za zamani hazina nywila. Zilitungwa wakati waya wa ruta ulipoishia ndani ya chumba chenye mlango na ufunguo, na mlango huo ndio uliokuwa mlinzi. Itifaki hizohizo sasa zinapitishwa kwenye mitandao, na baadhi ya mitandao hiyo ndiyo iliyobeba kompyuta za ofisini na simu za wageni. Mtu yeyote anayeifikia poti ya ruta anaweza kuiamuru, na ruta itamwitikia naam bila kumuuliza jina. Kwa hiyo mtandao wa mitambo hutengwa na mtandao wa ofisi, na kati yake huwekwa ukuta wa kuchuja mawasiliano. Jambo hili si la hiari. Picha inayokwenda kwa taifa zima haiachwi kwenye mlango usio na komeo.

Mabadiliko makubwa zaidi ni yale ya ruta yenyewe kutoweka kama sanduku. Mwaka 2017 SMPTE ilianza kutoa viwango vya ST 2110, vinavyoeleza jinsi picha, sauti na data zinavyosafirishwa kama pakiti kwenye mtandao wa IP. Katika mfumo huo hakuna sanduku lenye makutano. Kuna swichi za mtandao, na kila kifaa kinachotaka picha hujiunga na mkondo wake. Lakini fundi bado yuko mbele ya vitufe vyake, na bado anataka chanzo cha tano kiende kwenye kifikio cha tatu. Amri hiyo sasa inapelekwa kwa nani?

Jibu limo kwenye maelezo yanayoitwa NMOS, yaliyotungwa na chama cha AMWA. Sehemu yake ya IS-04 ni kama daftari la wageni: kila kifaa kikiwashwa hujiandikisha kina picha gani za kutoa na nafasi gani za kupokea. Sehemu ya IS-05 ndiyo yenye amri za kuunganisha. Amri haipelekwi tena kwa ruta. Inapelekwa kwa kifaa kinachopokea, kikiambiwa kijiunge na mkondo fulani. Na ile kanuni ya mwanzo inabaki: anayepokea ndiye anayetajwa kwanza.

Kinachofurahisha ni kwamba IS-05 imetenganisha kilichoandaliwa na kinachotumika. Mpango mpya huandikwa kwanza upande wa maandalizi, kisha huwashwa, ama papo hapo ama kwa saa iliyopangwa. Kifaa kikiwasha papo hapo hujibu kwa namba 200, ambayo kwenye lugha ya tovuti humaanisha imefanyika. Kikipewa saa ya baadaye hujibu 202, yaani ombi limepokelewa, kazi bado. Mia mbili ni tayari, mia mbili na mbili ni naam. Fundi anayeziona zote mbili kuwa sawa kwa sababu zinaanza na mbili atakuwa amerudi kwenye taa inayowashwa kwa dhana. Na hata hiyo 200 inaeleza mpangilio wa kifaa tu. Kwamba picha yenyewe imefika na ni safi, hilo huthibitishwa na jicho kwenye skrini au kipimo kinachohesabu pakiti.

Vituo vingi huishi na lugha zote hizi kwa pamoja: ruta ya zamani yenye bahasha za namba, ruta ndogo ya maandishi, na chumba kipya cha IP. Katikati huwekwa programu inayofanya kazi ya mkalimani. Inapokea amri moja kutoka kwenye paneli na kuitafsiri kwa kila mashine kwa lugha yake. Mkalimani mwaminifu hutafsiri pande zote mbili. Akipeleka amri upesi lakini akajibu naam kwa niaba ya mashine ambayo haijasema kitu, amedanganya, hata kama hakukusudia.

Basi, kituo kinaponunua ruta au programu ya kuiongoza, maswali ya kuuliza ni machache. Inazungumza itifaki gani, na maelezo ya itifaki hiyo yameandikwa na kutolewa? Hesabu yake inaanza na sifuri au moja? Taa za paneli husubiri jibu, au huwaka kwa kubonyezwa? Njia ikibadilishwa na paneli moja, nyingine hupata habari? Waya ukikatika na kurudi, programu huuliza upya hali ya njia zote, au huendelea na picha ya zamani kichwani mwake? Mtandao wake umetengwa? Muuzaji anayeijua mashine yake atayajibu yote bila kusita, na fundi atayajaribu yote kabla ya kutia saini.

Amri, jibu, tangazo. Amri isiyo na utata, jibu linalotofautisha kuitika na kutenda, na tangazo linalomfikia kila anayehusika. Hayo yakitimia, msomaji wa habari anaweza kugeuka kwa utulivu na kumkaribisha mwandishi wa Dodoma, na mwandishi akaonekana. Mazungumzo ya leo yanaishia hapo.